Somo: Kabla hujapeleka kasha la bibi na sarafu za babu kwa mthamini

Bei iacheni mwisho. Mkianza nayo, ndugu watagombana kabla kasha halijafunguliwa.

Hatua ya 1. Kaeni kama familia. Kama mirathi haijagawiwa, kitu hicho si chako hata kama kimekaa chumbani kwako miaka yote. Andikeni nani anakipeleka na kwa idhini ya nani, watu wazima wote watie saini.

Hatua ya 2. Usisugue! Reale, ile sarafu kubwa ya zamani ya madini ya fedha, ikioshwa kwa ndimu na majivu inang'aa kweli, lakini mikwaruzo yake huonekana kwenye lenzi na wakusanyaji huikimbia. Misumari ya shaba ya kasha nayo iache na weusi wake.

Hatua ya 3. Piga picha, pima, andika. Kasha lifunguliwe, visanduku vya ndani vitolewe (mengi yana droo za siri nyuma yake), na bawaba zipigwe picha kwa karibu. Ukiona skrubu za nyota, ujue kuna fundi wa zama hizi alipita hapo. Si lazima kasha lenyewe liwe jipya, ila mthamini atauliza. Halafu hadithi: nani alilinunua, wapi, lilikuja na bibi harusi yupi. Picha ya zamani ya harusi ambamo kasha linaonekana ukutani ina uzito kuliko maneno ya wajomba kumi.

Hatua ya 4. Chagua mtu. Anayekuthaminia asiwe ndiye anayetaka kununua, na alipwe ada mliyopatana, si asilimia ya bei atakayoitaja. Mwambie unataka thamani gani, maana thamani ya bima kwa kawaida huwa juu kuliko ya mnada. Makumbusho mara nyingi hawatoi bei, lakini wanaweza kukutambulishia kitu chako.

Sonara ni mtu mzuri wa mizani, basi. Mpelekee ile rupia 15 ya dhahabu ya Tabora, ya mwaka 1916, yenye tembo, ambayo Wajerumani waliipiga vita vikiwa vimewakatia njia ya kwao. Atakuta gramu 7 na ushee, akupe bei ya dhahabu, kesho iwe pete. Mkusanyaji angelipa zaidi ya hapo. Na kwa kuwa inatafutwa sana, za kughushi nazo zimejaa.

Hatua ya 5. Sheria. Kwa Tanzania Bara, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda hata mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Usiing'oe kwa sababu dalali amekuja na gari.

MASWALI YA WANACHAMA

Tanga: Babu ameacha reale ya mwaka 1780. Naambiwa ni mamilioni.

Jibu: Waliokuambia wamekupa moyo tu, ndugu yangu. 1780 ndio mwaka aliofariki Maria Theresa, mtawala wa Austria ambaye sura yake imo kwenye reale hiyo, na sarafu hiyo imeendelea kupigwa kwa mwaka uleule mpaka zama zetu. Halisi ina gramu 28 hivi. Nyingi thamani yake ni ile fedha iliyomo, ila mtaalamu anaweza kutambua toleo la zamani kwa alama ndogondogo.

Unguja: Pesa yangu ya shaba ina mizani na mwaka 1299. Ina miaka mia saba?

Jibu: Huo ni mwaka wa Hijria, sawa na 1882, enzi ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Zilitoka nyingi na bado zinapatikana, kwa hiyo usitegemee makubwa. Ihifadhi kwenye bahasha kavu, si pamoja na nyingine zikagongana.

Mombasa: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko London, nimpe rafiki yake bakuli la kale kwenye begi apeleke mnadani?

Jibu: Marahaba. Hapana, mama. Kwa sheria ya Kenya ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale, na hakitoki bila kibali. Tuma picha: ya mbele, ya ndani, na ya kitako chake, maana alama za mfinyanzi hukaa huko. Nyumba kubwa za mnada kama Bonhams hutoa makadirio ya awali kwa picha, bila malipo.