Simu ya mkataba au ya kulipa kwa awamu? Hesabu hadi mwezi wa 25
Ukiambiwa simu ni ya bei ya kutupa mradi usaini mkataba wa miaka 2 na kampuni ya mtandao, usiitazame bei ya siku ya kwanza. Chukua ada ya mwezi, zidisha mara 24, jumlisha na kianzio. Kisha fanya hivyo hivyo kwa mpango wa awamu: kifurushi peke yake, simu peke yake, na riba kama ipo.

Mtego wenyewe uko mwezi wa 25. Kwenye mkataba, gharama ya simu imefichwa ndani ya ada, na mara nyingi ada haishuki hata ukishamaliza kuilipia. Unaendelea kulipia simu ambayo tayari ni yako! Kwenye awamu, deni likiisha makato yanakoma. Kwa hiyo kama wewe ni wa kukaa na simu mpaka ichoke, mimi ningeenda na awamu.

Ila ukitaka kuhama kampuni katikati, kwenye awamu salio lote la simu linaweza kudaiwa kwa mkupuo. Kwenye mkataba kwa kawaida kuna faini ya kuuvunja. Uliza pia kama simu imefungwa itumie laini ya kampuni hiyo tu, na itafunguliwa lini.