Mtoto wa Geti Kali Kabla Hajapanga Chumba

Mdogo wangu uliyelelewa geti kali, hamu yako ya kuondoka nyumbani ukapange chumba chako naijua. Nilitoka kwa mama nikiwa na miaka 24, na wiki ile ya kuondoka alikuwa bado ananimenyea machungwa. Yapo mambo natamani ningeyajua mapema.

Vitambulisho kwanza. Ukifika miaka 18 sheria inakuhesabu mtu mzima, lakini cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha NIDA vikikaa kabatini kwa mama, hujaondoka bado. Viombe mapema, kwa adabu. Laini ya simu nayo isajiliwe kwa kidole chako, siyo cha baba.

Halafu pesa. Dar wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali huchukua ya mwezi mmoja. Chumba cha 80,000 kinaanza na 560,000, hujanunua godoro wala ndoo. Usitoe hela kabla hujaonana na mwenye nyumba na kuandikishana mkataba. Waulize wapangaji waliomo, mwenye nyumba akiwa hayupo: maji yanatoka siku gani, Luku ya umeme mnachangia wangapi?

Mwezi mzima kabla ya kuhama, ishi hapo hapo nyumbani kama mpangaji. Amka bila kuitwa, fua, pika, nenda sokoni na bajeti yako. Mimi sikufanya hivyo. Usiku wa kwanza nilifunga mtungi wa gesi vibaya, chumba kikajaa harufu, nikasimama tu nimeshika kiberiti. Mama wa chumba cha pili aliingia, akafunga koki, akafungua dirisha na mlango, akanizuia nisiguse hata swichi ya taa. Mikono yangu ilitetemeka hadi asubuhi. Kitu kidogo kama hicho jifunze ukiwa bado na mtu wa kukuelekeza.

Gumu kuliko yote ni kumwambia mama. Usitoroke usiku ukamwachia ujumbe kwenye simu. Kaa naye mchana, muulize anaogopa nini hasa, kisha nyamaza umsikilize. Wangu alinieleza habari za mtoto aliyemzika kabla yangu, jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na miaka yote ya kufungiwa ikaanza kunielea. Kuelewa hakukunizuia kuondoka. Tulikubaliana nimpigie kila Jumapili jioni, nami nikaomba radhi zake.

Lakini kama nyumbani unapigwa au unafungiwa kwa kufuli, hayo ni mengine. Mwone shangazi au mjomba, au nenda ustawi wa jamii. Aliye chini ya miaka 18 apige 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Ufunguo wa akiba mwachie mtu wa karibu unayemwamini. Mimi nilimwachia yule jirani, siyo mama, mwaka mzima wa kwanza. Mama alipokuja alibisha hodi, nikaenda kumfungulia.