Kusakinisha ns-3 kwenye Linux, Windows na Mac: anza na namba ya toleo

Mwanafunzi akiniletea laptopu na kusema, "Madam, imegoma," swali langu la kwanza huwa lilelile: umepakua toleo lipi? Wengi hawana jibu. Wanachojua ni kwamba wamefuata video hatua kwa hatua, wameandika kila amri kama ilivyo, na bado terminali (dirisha la kuandikia amri) imejaa maandishi mekundu. Nasimamia maabara ya mitandao ya kompyuta chuoni hapa Mbeya, na msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho kazi yangu kubwa ni hii: kuwasaidia vijana wasakinishe ns-3 kwenye kompyuta zao wenyewe. Nimeamua kuiandika vizuri, kwa Kiswahili, kwa sababu maelekezo mengi yanayozunguka yamechanganya zama mbili tofauti za programu hii.

Kwa asiyeifahamu, ns-3 ni programu huria ya kuigiza mitandao. Unaandika kwa C++ kwamba kuna kompyuta hizi, zimeunganishwa kwa waya wa kasi hii au kwa Wi-Fi, pakiti (vipande vya data) zinatoka hapa kwenda pale, kisha programu inakokotoa kila tukio na wakati wake. Mradi ulianza mwaka 2006, toleo la kwanza likatoka 2008, na leseni yake ni GPL toleo la 2. Mwanafunzi asiye na uwezo wa kununua ruta hata moja anaweza kufanya utafiti wa mtandao wenye vituo mia. Hilo peke yake linanifanya niitetee kila ninapopata nafasi.

Sasa turudi kwenye namba. Hadi toleo la 3.35, ns-3 ilikompailiwa, yaani msimbo wake uligeuzwa kuwa programu inayoendeshwa, kwa chombo kiitwacho Waf, na amri zote zilianza na `./waf`. Toleo la 3.36, lililotoka mwaka 2022, liliondoa Waf na kuweka chombo kingine cha ujenzi, CMake, na amri zikawa zinaanza na `./ns3`. Kwa hiyo ukipakua toleo jipya halafu ukafuata maelekezo yenye `./waf`, utaambiwa faili hilo halipo. Ukifanya kinyume chake, yaani ukachukua toleo la zamani ukaliweka kwenye Ubuntu (aina ya Linux) ya leo, unakutana na mambo mawili. La kwanza ni `No module named 'imp'`: toleo la 3.12 la lugha ya Python liliiondoa moduli (kipande cha programu) hiyo, na Waf ya zamani inaitegemea. La pili ni `all warnings being treated as errors`: kompaila mpya inaona maonyo ambayo ya zamani haikuyaona, na Waf inayahesabu kuwa makosa. Hakuna ulichokosea hapo. Umekutanisha vitu vya miaka tofauti tu.

Kama msimamizi wako hajakulazimisha toleo la zamani kwa sababu ya moduli fulani ya utafiti, chukua toleo la CMake. Hapa nitatumia 3.40, la mwaka 2023. Ukichagua jingine, badilisha namba tu, lakini kwanza fungua faili la `RELEASE_NOTES.md` lililomo ndani ya folda yake, maana ndimo yanamotajwa matoleo ya kompaila na Python yanayohitajika. Namba uliyochagua iandike kwenye daftari la mradi, pamoja na toleo la mfumo endeshi wako na jibu la `g++ --version`. Mtahini anaweza kuuliza, na wewe mwenyewe utaihitaji siku utakapohamia kompyuta nyingine.

Linux

Huku ndiko nyumbani kwa ns-3. Kwenye Ubuntu au Debian:

```
sudo apt update
sudo apt install g++ python3 cmake ninja-build git ccache
```

Kwenye Fedora ni `sudo dnf install gcc-c++ python3 cmake ninja-build git ccache`. Git inapakua msimbo, Ninja inaharakisha ujenzi, na ccache inatunza matokeo ya kukompaili ili ukifuta na kujenga upya usisubiri tena kama mara ya kwanza. Usiiache ccache hata kama maelekezo mengine hayaitaji. Kwenye laptopu ya i3 utaishukuru.

Kisha pakua:

```
git clone --depth 1 --branch ns-3.40 https://gitlab.com/nsnam/ns-3-dev.git
cd ns-3-dev
```

Hiyo `--depth 1` ni ya kuokoa bando. Bila hiyo git inashusha historia yote ya mradi, tangu mabadiliko ya miaka ile ya mwanzo, nawe huihitaji. Git itatoa onyo refu kuhusu `detached HEAD`. Lipuuze, ni kwa sababu umechukua toleo maalumu badala ya tawi linaloendelea.

Kama mnagawana kwa flashi, msinakili folda iliyokwisha kufunguliwa. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, na mipangilio hiyo haitunzi ruhusa za mafaili ya Linux. Mwenzako atabandika folda, ataandika `./ns3`, naye atajibiwa `Permission denied`. Fungeni folda kwanza kwa `tar czf ns3.tar.gz ns-3-dev`, mpeane hilo faili moja, kila mtu alifungulie kwenye diski yake.

Sasa panga ujenzi, kisha jenga:

```
./ns3 configure --enable-examples --enable-tests
./ns3 build
```

Usitangulize `sudo`. Skripti yenyewe inakataa kuendeshwa na mtumiaji mkuu, na ina haki: mafaili yakishakuwa mali ya `root`, yaani mtumiaji mkuu huyo, kila unalofanya baadaye litadai nywila.

Amri ya kwanza inamaliza kwa kuorodhesha moduli zitakazojengwa na zile zisizoweza kujengwa. Wanafunzi wakiona neno "cannot" wanashtuka. Zile ambazo hazitajengwa mara nyingi zinahitaji maktaba za ziada ambazo huna, na kama mradi wako hauzihusu, endelea mbele.

Pale ujenzi unapouawa katikati

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo laptopu nyingi za wanafunzi zinapokwama. Ujenzi unaendelea vizuri, asilimia zinapanda, kompyuta inaanza kuganda, kipanya hakisogei, halafu inatokea:

```
c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus
```

Hilo si kosa la msimbo. Linux imeishiwa RAM ikaamua kuiua programu iliyokula nyingi kuliko zote. Ninja, ikiachwa ijiamulie, inaanzisha kazi nyingi kwa wakati mmoja kulingana na idadi ya viini vya prosesa, na kila kazi ya kukompaili C++ nzito kama hii inakula kumbukumbu yake. Prosesa yenye viini vinane na RAM ya GB 4 haitafika popote kwa mtindo huo. Ipunguzie kazi:

```
./ns3 build -j2
```

Ikishindikana weka `-j1`, kisha iache ifanye kazi usiku kucha kama ni lazima. Pia ongeza nafasi ya kubadilishana (swap), yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa:

```
sudo fallocate -l 4G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
```

Njia ya tatu ndiyo niipendayo kuliko zote: usijenge usichokihitaji. Anayetafiti Wi-Fi hana haja ya moduli ya LTE (mtandao wa simu wa 4G), ambayo ni kubwa. Andika:

```
./ns3 configure --enable-modules="wifi;applications;internet;mobility;point-to-point" --enable-examples
```

ns-3 itaongeza yenyewe moduli ambazo hizo zinazitegemea, na muda wa kujenga unapungua sana. Alama za kunukuu ni za lazima, la sivyo terminali itadhani kila nukta mkato ni mwisho wa amri.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, washa na urudie `./ns3 build`. Haianzi upya, inaendelea na yaliyobaki. Ila ikilalamikia faili la `.o` (tokeo la kukompaili) lililoharibika, faili hilo liliandikwa nusu wakati umeme unakata. Andika `./ns3 clean`, panga tena kwa `configure`, kisha jenga. Ccache itafidia sehemu kubwa.

Na soma kosa la kwanza, si la mwisho. Kompaila ikikosea mahali pamoja inaweza kumwaga mistari mamia, na mstari wa chini kabisa mara nyingi unasema tu kwamba ujenzi umesimama. Panda juu hadi uone neno `error:` kwa mara ya kwanza. Ukiomba msaada, tuma mstari huo na mitano iliyoutangulia, kama maandishi. Picha ya simu iliyopigwa kwa pembeni hatuwezi kuisoma wala kuitafuta.

Windows

Kuna watu wanaojenga ns-3 moja kwa moja ndani ya Windows kwa MSYS2 (mkusanyiko wa vyombo vya kukompaili vya Windows), na inawezekana. Mimi siwashauri wanafunzi wangu njia hiyo, kwa kuwa kila mfano watakaousoma umeandikwa kwa Linux. Tumia WSL 2, mfumo wa kuendesha Linux ndani ya Windows. Fungua PowerShell (terminali ya Windows) kwa "Run as administrator", andika:

```
wsl --install
```

Washa upya kompyuta, chagua jina na nywila, na sasa una Ubuntu ndani ya Windows. Ukipata kosa la `0x80370102`, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe umezimwa. Ingia BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka, uuwashe. Kwenye kompyuta za Intel jina lake huwa VT-x, kwenye za AMD ni SVM.

Kuanzia hapo fuata maelekezo ya Linux, ukizingatia mambo matatu. Kwanza, weka kazi yako ndani ya Ubuntu yenyewe, yaani kwenye folda yako ya nyumbani, `~`. Ukiiweka kwenye `/mnt/c`, kila faili linalosomwa linavuka kutoka mfumo mmoja wa mafaili kwenda mwingine, na ns-3 ina maelfu ya mafaili. Ujenzi utakuwa wa kutambaa. Pili, pakua kwa git ya Ubuntu, usitumie ya Windows. Git ya Windows inaweza kubadilisha alama za mwisho wa mstari, na ndipo unapoona `'python3\r': No such file or directory`, kosa linalowatesa watu bure kwa sababu python3 wanayo. Tatu, WSL 2 kwa kawaida hupewa nusu tu ya RAM ya kompyuta. Mwenye GB 8 anajenga na GB 4. Unaweza kuongeza kwa kutengeneza faili la `.wslconfig` kwenye folda yako ya mtumiaji ya Windows, lenye mistari miwili:

```
[wsl2]
memory=6GB
```

Funga kwa `wsl --shutdown`, kisha fungua tena.

Mac

Huku hakuna mengi. Andika `xcode-select --install` upate kompaila ya Apple na git, weka Homebrew (chombo cha kusakinishia programu kwenye Mac), kisha `brew install cmake ninja ccache`. Yanayobaki ni yaleyale. Tofauti ya kujua mapema: moduli zinazounganisha uigaji na mtandao halisi wa kompyuta, kama `tap-bridge`, ni za Linux pekee. Kama mradi wako unazihitaji, tafuta kompyuta ya Linux sasa.

Kuthibitisha kwamba inafanya kazi

Kuona ujenzi umefika mwisho hakutoshi. Anza na:

```
./ns3 run hello-simulator
./ns3 run first
```

Ya kwanza inachapisha `Hello Simulator`. Ya pili inaigiza kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya mmoja, na inatoa mistari minne. Wa kwanza unasema mteja ametuma baiti 1024 kwenye sekunde `+2s`, na wa pili kwamba seva imezipokea kwenye `+2.00369s`.

Namba hiyo ihesabu kwa mkono. Data ni baiti 1024, UDP na IP (kanuni za kusafirisha pakiti) zinaongeza 8 na 20, na kiungo chenyewe kinaongeza 2. Jumla 1054, sawa na biti 8432. Kasi ya waya ni 5Mbps, kwa hiyo kuzisukuma biti hizo kunachukua milisekunde 1.6864. Ongeza ucheleweshaji wa waya, milisekunde 2. Unapata 3.6864, na ukiijumlisha na sekunde 2 inakuja 2.00369. Jibu linarudi kwa njia ileile, ndiyo maana mstari wa mwisho unaonesha `+2.00737s`. Namba hizi ni zilezile kwenye Ubuntu, kwenye WSL na kwenye Mac. Zikitofautiana, kuna kitu kimebadilishwa kwenye msimbo wako.

Baada ya hapo nakili mfano huo kwenye folda ya `scratch`, ambayo ndiyo ya kazi zako:

```
cp examples/tutorial/first.cc scratch/wangu.cc
```

Ufungue, tafuta `"2ms"`, weka `"40ms"`. Kabla ya kuandika `./ns3 run wangu`, chukua kalamu ukokotoe seva itapokea saa ngapi. Ukipata 2.04169 na kompyuta nayo ikasema hivyohivyo, uko tayari kuanza mradi.

Kwa majaribio marefu, yale ya vituo mamia, panga upya kwa `./ns3 configure -d optimized`, kisha jenga. Inakwenda kasi zaidi, lakini ujumbe wote wa `NS_LOG` unanyamaza, na mfano wa `first` hautachapisha hata mstari mmoja. Rudi kwenye `-d default` kila unapohitaji kuona kinachoendelea ndani.