Damu, dawa za malaria na kikombe cha kakao: mambo ya kuzingatia kabla hujaanza dozi

Wapo wanaoshika kwamba kakao huongeza damu, kwa hiyo mgonjwa wa malaria anywe kwa wingi ili dawa zisimmalize. Ni kweli unga wa kakao una madini ya chuma. Lakini una polifenoli pia, ambazo hushikana na chuma tumboni kikashindwa kufyonzwa, hata kile kilichotoka kwenye mboga za majani ulizokula mlo huohuo. Ukiandikiwa vidonge vya chuma, vimeze kwa maji na uache saa mbili hivi zipite ndipo unywe kakao.

Kabla ya kinywaji, jua jina la dawa unayopewa, kwa sababu kila moja ina namna yake ya kuigusa damu. Primakwini na tafenokwini, zinazoua vimelea vya vivax, aina mojawapo ya malaria, vilivyojificha kwenye ini, huweza kupasua chembe nyekundu za mtu mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo. Upungufu huo ni wa kurithi, huwapata zaidi wanaume, na wengi hawajui kama wanao mpaka wameshameza dawa. Omba kupimwa mapema. Primakwini ya siku 14 inaweza kusimamishwa mkojo ukibadilika rangi. Tafenokwini hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, ikishashuka kooni imeshashuka. Ndiyo maana haitolewi bila kipimo kinachoonyesha kiwango chenyewe cha kimeng'enya. Mjamzito hapewi yoyote kati ya hizo mbili. Na kakao? Haimo katika vyakula vinavyojulikana kupasua damu ya watu hawa. Chakula cha kuogopwa ni maharagwe ya fava.

Anayetumia kwinini aangalie michubuko isiyo na sababu, fizi zinazovuja na vidoa vyekundu kwenye ngozi, kwa kuwa dawa hiyo huweza kushusha chembe sahani zinazogandisha damu. Kakao nayo hupunguza kidogo kushikana kwa chembe hizo. Kikombe cha kawaida sioni ubaya wake, ila vidonge vya kakao iliyokolezwa ningeviweka kando mpaka dozi iishe. Kwinini hushusha sukari pia. Mgonjwa akianza kutetemeka na kutoka jasho, kakao chungu isiyo na sukari haitamsaidia.

Mahali kakao inapofaa kweli ni kwenye dawa mseto ya ALu (artemetha na lumefantrini). Lumefantrini iliyomo hufyonzwa vizuri ikikuta mafuta tumboni, na mgonjwa mwenye homa mara nyingi hataki hata kuona chakula. Kakao iliyopikwa kwa maziwa yasiyoondolewa mafuta humshukia kirahisi kuliko mlo. Ya maji matupu haina faida hiyo. Dozi ni sita kwa siku tatu, basi panga maziwa ya siku zote tatu, maana watu hujitahidi siku ya kwanza tu.

Ninalosisitiza zaidi linawahusu waliochomwa sindano za atesuneti kwa malaria kali. Chembe nyekundu huweza kuanza kupasuka wiki moja hadi nne baada ya matibabu, vimelea vikiwa vimeshaisha. Mtu amerudi kazini, ghafla anaishiwa pumzi kwenye ngazi, macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Anadhani malaria imerudi, au anajiambia amechoka tu na kuongeza kakao. Kwa hiyo kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali, uliza wingi wa damu yako ulikuwa ngapi, uandike, kisha upangiwe tarehe za kurudi kupimwa katika wiki hizo nne. Mkojo ukiwa mweusi kabla ya tarehe kufika, nenda siku hiyohiyo, na karatasi yenye jina la dawa uende nayo.