Kabla hujafungua boila: mambo ya kuhakikisha

Kwanza uliza boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, ilizimwa saa ngapi. Iliyozimwa asubuhi haifunguliwi jioni ya siku hiyohiyo, hata msimamizi akikusimamia kichwani. Ukimwaga maji wakati tanuri bado lina moto, tope linakaukia kwenye mabomba na kuwa ukoko mgumu, na maungio yaliyopozwa ghafla huanza kuvuja.

Geji ya presha ikisoma sifuri, usiiamini peke yake. Fungua vali ya hewa iliyo juu na uiache wazi. Inatoa mvuke uliobaki, na pia inaingiza hewa, kwa sababu mvuke ukipoa ndani huacha ombwe. Ukilegeza mlango wa kuingilia kukiwa na ombwe, mlango unafyonzwa ndani ghafla na vidole vyako viko palepale.

Funga mafuta, maji na mvuke, kila vali na kufuli lake, funguo mfukoni mwako. Kama boila ni zaidi ya moja, usisahau bomba la kutolea tope. Wengi hulisahau. Boila zikitumia bomba moja, mwenzako akitoa tope upande wake, maji ya moto yanaweza kukurudia wewe uliyeko ndani.

Kabla ya kuingia, pima hewa: oksijeni isipungue asilimia 19.5. Tumia taa isiyozidi volti 24. Weka mtu mlangoni, asiondoke hata kwenda kunywa maji. Hesabu vifaa ukiingia, uvihesabu tena ukitoka. Gasketi ya mlango iwe mpya kila mara.

Sasa mota. Zima umeme kwenye swichi kuu, piga kufuli, halafu pima fezi zote 3, yaani nyaya 3 zinazoleta umeme, uhakikishe hazina umeme. Pima insulesheni ya koili, ile ngozi inayozuia umeme usivuje. Kwa mota ya volti 400 hutumika kipimo cha volti 500, na ikisoma chini ya megaohm 1 usiiwashe, ikaushe kwanza. Kama mota inaendeshwa na kifaa cha kubadili kasi, kitenganishe kabla ya kupima la sivyo utakiunguza. Safisha vumbi kwenye mapezi ya mota, kwani mafundi huhesabu kuwa kila nyuzi 10 za joto la ziada hupunguza umri wa insulesheni kwa nusu. Grisi iwe aina ileile iliyokuwamo, na kwa kiasi: ikizidi, beringi inachemka.

Halafu nyaya. Weka alama kwenye kila waya kabla ya kuufungua. Hapa nakuomba usome taratibu.

Tulikuwa tumetoa mota ya feni ya hewa ya boila ili kubadilisha beringi. Nyaya nilizifungua mimi, na sikuweka alama kwa sababu nilijua nitazirudisha mwenyewe. Zamu ikaisha, akazirudisha mwingine, fezi 2 zikapishana. Mota ya fezi 3 ukipishanisha waya 2 inazunguka kinyume. Tungeona feni inavuta badala ya kupuliza tungeshtuka mara moja. Lakini feni za aina ile, zenye mapanga ndani ya kasha lililojiviringa kama konokono, zikizunguka kinyume bado zinapuliza upande uleule, ila hewa inakuwa kidogo sana. Tuliweka mkono, tukasikia upepo, tukaridhika.

Swichi inayopima hewa haikuridhika. Ilikata moto mara ya kwanza, ikakata mara ya pili. Mmoja wetu akasema swichi ni mbovu, akaunganisha waya kuiruka, na hakuna aliyempinga. Mimi pia sikumpinga. Moto ukawaka, bomba la moshi likatoa moshi mweusi tii, ukazimika. Tukawasha tena, ukazimika tena. Mafuta yasiyoungua yalikuwa yanajikusanya tanurini, na hewa ya kuyafukuza kabla ya kuwasha haikutosha. Jaribio la tatu mlango wa mbele ulifunguka kwa kishindo, na moto ukamkuta mwenzetu aliyekuwa anachungulia kwenye kioo. Aliungua uso na mikono yote miwili. Alipona, lakini vidole vyake havikunji vizuri hadi leo.

Kwa hiyo: alama kwenye nyaya. Baada ya kufunga, iwashe mota kwa sekunde moja tu na uangalie shafti kwa macho, ilingane na mshale uliochorwa kwenye kasha. Pampu ya maji nayo hivyohivyo. Ikizunguka kinyume inasukuma maji kidogo na boila inaweza kukauka. Kifaa cha usalama kikikata, tafuta kilichokikatisha. Kabla ya kuwasha fungua paneli, utafute waya wowote wa kuruka, utoe.

Ukishawasha, jaribu kile kinachozima moto maji yakipungua: toa maji kwenye chemba yake uone moto unazimika kweli. Safisha kioo kinachoonyesha kiwango cha maji kwa kufungua vali yake ya kutolea. Kaza tena boliti za mlango presha inapopanda, polepole, bila kurefusha spana kwa bomba. Na maji yakipotea kwenye kioo, zima moto, usiongeze maji kwenye chuma chenye moto. Andika kila ulichofungua kwenye daftari la zamu, kwa jina lako, na umwonyeshe anayekupokea akiwa amesimama mbele ya mashine, hata kama gari la kwenda nyumbani linapiga honi.