Rufaa ya shamba la kukaribishwa: jinsi ya kumpeleka jaji kwenye ushahidi

Umeshindwa kesi ya shamba Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hapa Tanzania. Wewe ulisema "nilimkaribisha alime tu". Mpinzani wako akasema "nilipewa". Ukienda Mahakama Kuu, fuata njia hii.

Hatua ya 1: Omba nakala siku ileile
Peleka barua ya kuomba hukumu na mwenendo wa shauri (kumbukumbu ya yote yaliyosemwa barazani), ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Una siku 45 za kukata rufaa tangu uamuzi, na ukiulizwa kwa nini umechelewa, muhuri ule ndio utakaokusemea.

Hatua ya 2: Soma mwenendo kabla ya hukumu
Kazi yote iko hapa. Chora safu nne daftarini: ukurasa, shahidi, alichosema akiongozwa na upande wake, alichosema akihojiwa na upande wa pili. Kisha tafuta jibu la swali moja: aliingiaje shambani?

Tuchukue mfano wa kihamba (shamba la ukoo) cha Kilimanjaro. Ukurasa wa 14, SU1 (shahidi wa kwanza wa utetezi, yaani mpinzani wako) anasema alipewa na marehemu baba yako. Ukurasa wa 17, akihojiwa, anakubali kwamba kila mavuno alimpelekea mzee mbege, na kwamba aliomba ruhusa kabla ya kukata mti. Mwenye mali haombi ruhusa kwa jirani. Kama hukumu imeuruka ukurasa wa 17, rufaa yako umeshaipata.

Angalia pia nani hakuletwa. Aliyepanda masale (mimea ya kuonesha mpaka) yu hai, mbona hakuitwa? Katika kesi ya Hemedi Saidi dhidi ya Mohamedi Mbilu (1984) ilielezwa kwamba anayeshinda ni mwenye ushahidi mzito zaidi, na shahidi muhimu akiachwa bila sababu, mahakama yaweza kuona kwamba angesema kinyume.

Wingi wa miaka usikutishe. Mahakama zetu zimerudia mara nyingi kwamba mwalikwa hamfukuzi aliyemkaribisha, hata akikaa muda gani, hata akijenga.

Hatua ya 3: Kagua ziara ya eneo
Baraza likienda kuliona shamba lenyewe, kesi ya Nizar Ladak (1980) inataka wadaawa (pande zote za kesi) wawepo, kumbukumbu ziandikwe, kisha zisomwe mbele yao baraza likirudi kikaoni. Hakuna kumbukumbu? Lalamika, lakini onesha jinsi kasoro hiyo ilivyokunyima haki. Uamuzi hautenguliwi kwa kasoro tupu, na hapo wengi hujikwaa.

Hatua ya 4: Andika sababu chache zenye meno
"Baraza lilikosea kisheria na kimantiki" haimwambii jaji kitu. Andika: "Baraza halikupima kukiri kwa SU1, ukurasa wa 17, kwamba aliomba ruhusa ya kukata mti." Sababu tatu za namna hii zinatosha, ukileta kumi na moja, nzuri zitazama.

Hatua ya 5: Siku ya kusikilizwa
Rufaa ya kwanza ni kama kusikilizwa upya kupitia karatasi, kwa hiyo mwombe jaji waziwazi aupime ushahidi wote na afikie uamuzi wake mwenyewe. Usibishane kuhusu sura ya shahidi kizimbani, kwa kuwa baraza ndilo lililomwona. Bishana kuhusu maneno yake yanavyogongana. Ushahidi mpya huruhusiwa kwa nadra sana.

Usiweke akiba ya hoja. Tangu kesi ya Amratlal Damodar (1980), Mahakama ya Rufani haigusi kirahisi matokeo ya ushahidi ambayo ngazi mbili za chini zimekubaliana.