Namna ya Kutumia Sifa "-a Kiuno" katika Maelezo ya Tiba

Katika anatomia, sifa "-a kiuno" hutaja sehemu ya nyuma ya mwili iliyo kati ya mbavu za mwisho na mifupa ya nyonga. Kwa Kilatini sehemu hiyo huitwa lumbus, na herufi L ya neno hilo ndiyo inayoonekana kwenye majibu ya eksirei. Ukikuta L4, soma "pingili ya nne ya kiuno", ukihesabu kutoka juu; pingili ni kila mfupa mmojammoja wa mgongo. Pingili za kiuno ni 5, zikitanguliwa na 7 za shingo na 12 za kifua. L4-L5 si pingili moja bali ni nafasi iliyo kati ya mbili, mahali penye diski, yaani kisahani laini kinachozitenganisha.

Kisarufi hakuna ugumu, kwa kuwa "-a" hufuata ngeli ya nomino: pingili ya kiuno, neva za kiuno, eneo la kiuno. Ugumu uko kwenye mipaka ya maana. Katika mazungumzo ya kawaida, kiuno ni pale panapofungwa mkanda au kanga kuzunguka mwili, na wengi hukichanganya na nyonga. Mgonjwa akisema "kiuno kinaniuma", anayejaza faili amwombe kwanza aonyeshe kwa kidole panapouma. Pakiwa kwenye kinena, huenda tatizo ni kiungo cha nyonga. Pakiwa ubavuni chini ya mbavu, tena kukiwa na homa au maumivu wakati wa kukojoa, figo zichunguzwe.

Sishauri kabisa kuandika "uti wa mgongo" panapohitajika "pingili za kiuno". Wengine wakisikia maneno hayo hufikiria mifupa, wengine ugwe wa neva uliomo ndani yake, na wengi hukumbuka homa ya uti wa mgongo. Utata huo huwatia hofu ndugu wanaoombwa idhini ya mgonjwa kuchukuliwa maji ya mgongo, wakidhani sindano itamlemaza. Waelezwe kwa utaratibu kwamba sindano huingizwa katika nafasi ya kiuno, kwa kawaida L3-L4 au L4-L5, ilhali ugwe wa neva wa mtu mzima huishia karibu na L1 au L2. Chini ya hapo kuna mizizi ya neva inayoelea ndani ya maji hayo. Sindano ya ganzi ya mgongo kwa mama anayejifungua kwa upasuaji nayo huchomwa eneo hilohilo.

Katika barua ya rufaa, sifa hii pekee haitoshi. Andika, kwa mfano, "maumivu ya kiuno, upande wa kushoto, yanayoshuka mguuni hadi kidole kikubwa". Mgonjwa akiwa ameshindwa kukojoa, amekufa ganzi sehemu iliyo baina ya mapaja au miguu imelegea ghafla, neno "dharura" litangulie mengine yote, naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo.